Nyayo Zangu za Mguu wa Kushoto

Pumzi nilikuwa nayo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningeweza kutoka kwetu bondeni, nikapanda mpaka Isecheno kule msituni na kurudi nikipiga soga njia nzima. Lakini kocha akipuliza filimbi ya kuchomoka, miguu ilibaki nyuma, mizito, si yangu. Na mchujo wa timu ya kaunti ulikuwa umekaribia. Nisipopita, kwa umri wangu ule, kambi ya timu ningeisikia tu redioni.

Kocha wetu alikuwa na kipimo chake. Kabla ya mbio kali za kilima unachovya vidole kwenye matope mekundu, unaruka, unagusa ukuta wa kisiagi cha zamani cha mahindi. Ukimaliza mbio unaruka tena. Alama ya pili huwa chini kidogo kwa sababu misuli imechoka. Ukilala na kula vizuri, siku zinazofuata inapanda. Yangu haikupanda. Kila wiki vidole vyangu vilizidi kushuka ukutani, kama vya mtu anayetelezea kisimani. Nami, kichwa ngumu, nikafanya tunachofanyanga wakimbiaji tukiogopa: nikaongeza mbio. Kocha alisema nipumzike. Nikawa natoroka alfajiri kukimbia kilima peke yangu.

Alfajiri hizo ndipo nilipoanza kuona mambo.

Kiatu changu cha kushoto kilikuwa na kiraka cha tairi alichonitilia fundi wa sokoni, kwa hiyo alama yake naijua hata usingizini. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa laini. Nikirudi, nyayo za kulia nilizoacha wakati wa kwenda zilikuwepo. Za kushoto zilikuwa zimechotwa. Si kukanyagwa, la! Zimechotwa, udongo wote, limebaki shimo safi lenye umbo la mguu wangu. Ilikuwa hivyo chini ya mti mkubwa pale msitu unapoanza, na tena kwenye kona ya migomba karibu na kwetu. Ukungu ulikuwa umetanda, mbega wamenyamaza mitini, hakuna mtu.

Kwetu kila mtoto anajua maana yake. Anayetaka nguvu za miguu yako huchukua udongo uliokanyaga. Mimi nilizoea kucheka mambo hayo. Siku ile sikucheka, woi, niliogopa mpaka meno yakagongana.

Asubuhi moja miguu iligoma katikati ya kilima, nikarudi mapema. Kwenye kona ya migomba, ndani ya ukungu, kitu kilikuwa kimechutama njiani. Kilikwaruza, kikatulia, kikakwaruza tena. Kikainua kichwa.

Alikuwa mama yangu, na kijiko cha uji mkononi.

"Mama! Unafanya nini hapo?"

"Nyamaza. Nachukua mimi kabla hawajachukua wao. Unadhani sioni unavyoshikilia ukuta ukienda chooni? Watu wanachukuanga nyayo, mwanangu."

Udongo alikuwa akiuweka kwenye mkebe chini ya kitanda chake, eti uko salama huko. Nilimfokea mpaka nyumbani. Yeye alichechemea na magoti yake mabovu, akiniambia nipunguze sauti, majirani wamelala.

Hasira ilinipeleka moja kwa moja kwa kocha, nikamweleza yote, hata mbio za siri. Hakucheka.

"Mwizi wa miguu yako ni wewe," alisema. "Mbio kali zinavunja misuli, kupumzika ndiko kunakoijenga. Wewe unavunja kila siku, utajenga saa ngapi?"

Akanipiga marufuku kilima. Nikawa natembea tu, nalala mchana kama mgonjwa, nakula obusuma, ugali wetu, mpaka mama anafurahi. Nilibeba gunia la mchanga mabegani, nikichuchumaa na kuinuka. Pole pole alama ikaanza kupanda ukutani. Siku ya mchujo, mzunguko wa mwisho, nilisukuma ardhi nayo ikanisukuma. Nikapita. Nililia pale pale uwanjani, sikuona aibu.

Jioni nikamtania mama. "Kumbe magoti unayo! Kupanda kilima chote kile mpaka kwenye mti mkubwa, kisa kuchota nyayo?"

Mama aliacha kupakua mboga. "Mti gani?"

"Ule wa msituni. Si ulichota na pale?"

"Mimi nilikuwa naishianga kwenye migomba," alisema. "Na magoti haya, nitafika msituni?"

Chakula kilipoa mezani.

Alfajiri ya kuondoka kwenda kambini, nilimkuta mlangoni amevaa raba zangu za zamani, kijiko mkononi. "Leo tunaenda mpaka huko juu, na za huko nachukua mimi," alisema. Nilijaribu kumzuia. Wapi! Alishatoka.

Alipanda akisimama kila mara kuvuta pumzi, ukungu ukimficha na kumwachia. Kwa miguu niliyokuwa nayo sasa ningempita mara moja. Sikumpita. Nguvu zilizobaki kwenye magoti yale zilikuwa kidogo, na sikutaka mtu azichukue. Nilitembea nyuma yake, na kila alipoinua mguu niliufuta unyayo wake kwa kiatu changu, wa kulia na wa kushoto, mpaka tukafika kwenye mti.