Mama Mdogo Alibatizwa Nani?

Ngazi za nyumba yetu ya Saint-Gilles zilinukia njegere za manjano zikichemka taratibu na kipande cha nyama ya nguruwe. Harufu hiyo ilitoka kwa Madame Thérèse, jirani yetu wa ghorofa ya kwanza, mjane kutoka Kanada ya Wafaransa ambaye ndoa ilimleta Brussels, na kifo cha mumewe hakikumrudisha kwao. Nilikuwa na miaka tisa. Nikitoka shule nilishinda kwake hadi Maman arudi kutoka kuwatunza wazee wa watu. Kwake palikuwa na joto. Kwetu juu, majira yale ya baridi, hata redieta ikiwaka hapakuwa na joto. Vita vilikuwa vimepita Bukavu, kwetu Kongo, na mdogo wake Maman, mama mdogo Nabintu, hakujulikana alipo. Maman aliacha kuimba jikoni. Simu ikilia alisimama, kisha akamwachia Papa aipokee. Papa alizoea kusema kwamba mtafutaji hachoki, akichoka keshapata, lakini hata yeye nilimwona ameanza kuchoka. Watu wanaosaidia kutafuta waliopotezana walitujibu kwamba katika makambi ya wakimbizi akina Nabintu ni wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wetu.

Meza ya Madame Thérèse ilijaa karatasi za ukoo wake, kwa maana alikuwa akiandika habari za babu zake wote. Mimi nilimchongea penseli. Jambo moja lilinishangaza: kila mwanamume wa ukoo ule aliitwa Joseph, na kila mwanamke Marie. Nilimwuliza walijuanaje mezani. Alicheka hadi miwani ikamshuka puani. Akanieleza kwamba kwao hayo yalikuwa majina ya ubatizo tu, na hakuna aliyeyatumia. Baba yake alibatizwa Joseph Alphonse Ovide, lakini tangu kuzaliwa hadi kuzikwa alikuwa Ovide. Madame Thérèse aliyaandika yote, kwa mpangilio wa padri, kisha akapiga mstari chini ya lile lililoitwa nyumbani. Nikamwuliza, kwa nini ujisumbue na jina ambalo mwenyewe halitumii? Akajibu, "Kwa sababu huko nje, mtoto wangu, wapo waliomjua kwa hilo tu."

Alipolisema hilo akaiweka kalamu chini. Maman alipokuja kunichukua, koti lingali na mvua, Madame Thérèse hakumwacha hata aketi. "Mdogo wako," alimwuliza kwa Kifaransa, "alibatizwa nani?"

Maman alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji aliokwisha kuusahau. Dada yake alizaliwa enzi za Zaire, majina ya Kizungu yalipopigwa marufuku, kwa hiyo lile la ubatizo lilibaki kanisani. Kisha midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani analia. Kumbe ni kicheko. "Scholastique!" alisema. "Mungu wangu, Scholastique! Alilichukia. Katekista akimwita hivyo, alijificha nyuma ya mama." Alicheka na kulia pamoja, akiwa ameshika ukingo wa meza, na Madame Thérèse akamvua koti polepole kama anavyovuliwa mtoto.

Kesho yake Papa alilipeleka jina lile kwa wale waliokuwa wakitusaidia kutafuta. Tulingoja wiki nyingi, na nilianza kuogopa kwamba kicheko cha siku ile kilikuwa cha bure. Halafu Jumamosi moja simu ikalia, na safari hii Maman akaipokea mwenyewe. Simu ilikwaruza. Sauti ikatoka Kigoma, nyembamba, lakini hata mimi niliyekuwa pembeni niliisikia:

"Yaya? Njo miye. Niko muzima."

Ni mdogo wake tu aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa. Maman alikaa sakafuni. "Scholastique," alisema.

"Ah non, Yaya! Hata wewe, ile jina?"

Baadaye tuliambiwa yote. Alivushwa ziwa hadi Kigoma akiwa na homa kali, hawezi kusema, na aliyemwandikisha kambini alikuwa katekista yule yule wa parokia yao. Alitaja jina alilolijua, na daftarini likabaki hilo hata alipopona. Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi sikujua kwamba hata jina huwekwa akiba.

Leo mama mdogo anaishi Berchem-Sainte-Agathe, hapa hapa Brussels, na wanangu hawaelewi ninapowasimulia miezi ile. Kwao mtu asipojibu ujumbe kwa saa moja ni jambo la kutia wasiwasi. Jumapili dada hawa wawili hugombana jikoni kwangu juu ya chumvi ya sombe, kisamvu cha kwetu, kwa sauti inayofika barabarani, kila mmoja akiapa kwamba mama yao alipika hivi, si vile. Mume wangu huniomba niwaamue. Sijawahi kuwaamua. Mimi huufungua mlango wa jikoni, nikasikiliza.