Fundo la Mkono Mmoja

Mdogo wangu ni mtu wa kupenda sifa. Nasema hivi kwa mapenzi, maana nilimlea mimi mama alipofariki, na tabia zake nazijua tangu hajaota meno. Melini walimwita Pweza, kwa kuwa akiwa kazini na kamba ungedhani ana mikono minane. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Sasa anakaa kwangu, chumba cha uani nilichokuwa nikiwekea cherehani. Meli ilikuwa inafungwa gatini, kamba nene ikakazwa kupita kiasi, ikakatika na kumchapa mkono wa kulia karibu na bega. Mfupa uliunga, mishipa ya fahamu ikakataa. Kuanzia kiwiko kwenda chini hasikii kitu. Anaweza kuegemeza mkono kwenye birika la moto huku akisikiliza redio. Zamani nilikuwa napiga kelele. Siku hizi naliondoa birika tu.

Katibu wa chama cha mabaharia alikuja nyumbani akatueleza kwamba aliyeumia kazini hutibiwa na mwenye meli, na akibaki na ulemavu hulipwa fidia.

"Kaka, hii si sadaka," alimwambia. "Ni haki yako. Ila daktari wao lazima akuone kwanza."

Tukaenda. Daktari wa kampuni alikuwa mpole, mwenye maneno matamu. Alimchoma vidole kwa sindano, akaandika. Kisha akafungua droo akatoa kipande cha kamba.

"Nasikia nyinyi mabaharia mna fundo mnalolifunga kwa mkono mmoja," alisema. "Mimi hata kamba za viatu zinanisumbua."

Nikauona uso wa mdogo wangu ukichangamka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, nami, mjinga, nikafurahi. Baharini, meli ikiyumba, mkono mmoja hauachii chuma. Kwa hiyo fundo la kujiokolea, la kuzungusha kiunoni, hufungwa kwa mkono uliobaki, na baharia asiyeliweza huchekwa mpaka aliweze. Pweza akaipitisha kamba kiunoni kwa mkono wa kushoto, akakunja kiganja mara moja, fundo likakaa. Wala hakulitazama.

"Hata gizani," akasema.

"Hongera," daktari akamjibu, akaandika tena.

Mgema akisifiwa, ndiyo hayo. Jibu likaja kwamba bado anaiweza kazi yake, hastahili fidia ya ulemavu. Katibu aliposikia habari ya fundo alijishika kichwa. "Kaka, umejipalia makaa mwenyewe," alisema. Nilimkasirikia kutwa, halafu hasira ikaisha na hakuna kilichoingia mahali pake. Tulikula, nikaosha vyombo, tukalala.

Katibu akapinga, tukaitwa mbele ya mwamuzi wa migogoro ya kazi, mama wa makamo mwenye miwani. Kabla hatujaingia, katibu alimwambia Pweza wazi: dai lake likikubaliwa, itaandikwa kwamba hafai tena kwa kazi ya bahari, na hakuna meli itakayomchukua. Je, yuko tayari? Pweza alisema yuko tayari, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama anataka sukari.

Wakili wa kampuni alikuja na kamba yake. Alimwomba Pweza arudie, akarudia kwa kushoto, upesi vilevile. Wakili akaketi ameridhika.

"Na wa kulia?" mwamuzi akauliza.

Angeweza kusema hawezi. Hakusema. Nadhani alikuwa hajawahi kujaribu, hata akiwa peke yake. Aliubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza mezani, akaweka kamba kiganjani, akavikunja vidole juu yake kimoja kimoja, kama anayemvisha mtoto soksi. Kisha akamtazama mwamuzi, maana baharia haangalii fundo lake. Akavuta kwa bega. Mkono ukasogea, vidole vikafunguka, kamba ikabaki palepale. Yeye akaendelea kuvuta, uso ameukaza kikazi. Moyo uliniuma, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Dada," akasema bila kugeuka, "bado nimeishika?"

"Hapana," nikamwambia. "Imebaki mezani."

Wakili akaanza kupanga karatasi zake. Mchana huohuo uamuzi ukatoka: hafai tena kwa kazi ya bahari, alipwe fidia yake yote.

Nje, katibu kwa furaha alimshika Pweza mkono wa kulia akauminya, akauminya tena. Pweza alikuwa anatazama lori likigeuza barabarani. Ilibidi nimguse bega la upande wa pili nimwambie kwamba anapongezwa.