Pole Iliyonifelisha

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Nilikuwa nafundisha Kifaransa kwenye shule moja ya binafsi Mikocheni, na cheti changu kilikuwa cha B2, ngazi ya nne kati ya sita. Mkuu wa shule akaniita ofisini, akaniambia bila hata kuniangalia usoni kwamba wazazi wa kidato cha tano na sita wanataka mwalimu mwenye C1, ngazi moja juu ya yangu. Nikikipata kabla shule haijafunga, naendelea. Nisipokipata, vipindi vyangu anapewa mwingine. Watoto nimewatoa kwenye "bonjour" mpaka wanaandika insha, leo naambiwa sitoshi! Nilimeza hasira, nikajiandikisha mtihani.

Nilisoma, jamani. Kwetu Mwananyamala jirani anafungulia muziki wa singeli tangu asubuhi, na mie nafungulia simu yangu mpaka mwisho, nasikiliza Wafaransa wakibishana redioni. Hao watu wanabishana! Mmoja hajamaliza, mwenzake kashadakia. B2 ilinitaka niseme ninachofikiri. C1 ilinitaka niking'ang'anie huku mtu ananipinga usoni. Mama akipita na ndoo anauliza, "Hao wanagombea nini asubuhi yote hii?"

"Wanazungumza tu, mama."

Anaguna, anakwenda zake.

Siku ya mtihani wa kuzungumza, kule Msasani, nikamkuta mtahini, mama mmoja wa Kifaransa, mtu mzima, mvi kichwa kizima. Pembeni mwenzake anaandika kimya. Mada: je, wazee wapelekwe kwenye nyumba za kulelea wazee? Yaani mada si ndiyo yangu hiyo! Nikashuka nayo. Mzazi anatunzwa nyumbani na watoto aliowalea, basi. Yule mama akanisikiliza, akavua miwani, akasema taratibu, "Mimi mama yangu nilimpeleka huko. Amefia huko mwezi uliopita, na alikuwa na furaha mpaka siku ya mwisho."

Mtu kafiwa na mama yake. Wewe ungesema nini? Hoja zote zilinitoka. Niliweka karatasi chini, nikampa pole. Nikamuuliza kama alimuwahi. Nikamwambia asijilaumu, Mungu ailaze roho yake mahali pema. Kwa Kifaransa kizuri, nakwambia! Kila alichosema baada ya hapo nikawa naitikia, ndiyo mama, kweli mama. Nilitoka mle machozi yananilenga.

Nikafeli. Kuzungumza ndiko kulikoniangusha.

Nikaenda kwenye kituo cha mtihani kuuliza. Yule mama akatoka mwenyewe. "Ulikubali kila nilichosema," akaniambia. "Hukutetea msimamo wako."

"Lakini ulikuwa na msiba."

Akacheka. "Mama yangu ni mzima kabisa, naishi naye. Nilisema vile ili ubishe."

Loh! Mtu anamuua mama yake mzazi kwa ajili ya mtihani! Kwetu hata mtoto akitania hivyo anachapwa kofi la mdomo, maana huko ni kumchuria mzazi kifo. Nilipomsimulia mama, akashika kifua. "Na huyo mama yake yu hai? Mwe! Mwanamke huyo ana laana." Nilimkasirikia yule mzungu, nikamkasirikia mkuu wa shule, kisha nikamgeukia mama yangu asiye na kosa. Wewe ndiye uliyenifundisha kumwinamia kila mwenye mvi, nikamfokea, sasa kazi inanitoka! Aliendelea kuchambua mchele wake. Aibu ile ninayo bado.

Kulikuwa na mtihani mwingine kabla shule haijafunga. Nikaenda na kinyongo changu chote. Chumba kilekile, mama yuleyule. Mada: je, mgonjwa asiyetarajiwa kupona aambiwe ukweli? Nikasema aambiwe. Akavua miwani.

"Mume wangu anaumwa sana," akasema. "Daktari kaniambia mimi, yeye hajui. Na sitamwambia."

Nikasema moyoni, ahaa, leo umemtia mume maradhi. Hunipati tena!

Sikumpa pole. Nilimwambia anamwibia mumewe siku zake za mwisho. Nilimwambia anajihurumia yeye, si mgonjwa, kwa sababu hataki kumwona akilia. Akijaribu kusema, namdakia kama wale wa redioni. Akabisha kidogo, kisha akavaa miwani, akanishukuru. Nilitoka kifua mbele.

Nikafaulu, tena kuzungumza ndiko kulikokuwa na alama kubwa kuliko zote. Mkuu wa shule akanipongeza kwa ujumbe wa simu, vipindi vyangu vikabaki vyangu.

Nilipofuata cheti, nikamwambia dada wa mapokezi nataka kumsalimia yule mama. Nilitaka anione, nisiseme uongo. Nilitaka nimwambie safari ile hakuniweza.

"Hayupo, kasafiri," dada akanijibu. "Kampeleka marehemu kwao."

"Marehemu gani?"

"Mumewe. Si alikuwa anaumwa siku nyingi? Sie wote hapa tulikuwa tunajua."

Nilisimama pale, cheti mkononi. Hasira ikanipanda upya, na safari hii sikuwa na wa kumshushia. Nikauliza kama mgonjwa aliwahi kuambiwa. Dada akaniangalia, akasema hilo yeye hajui.

Nikamwomba karatasi na kalamu. Nikaandika "Pole sana, mama," kwa Kiswahili, nikashindwa kuendelea.