Chuma Kinachozama

Kikundi chetu cha vijana wa skauti wa majini kilifanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule, Nsemulwa, mahali ambapo maji mengi ni ya kwenye ndoo. Tulipiga kasia hewani huku waendesha bodaboda wakituuliza leo tumevua migebuka mingapi. Waache waulize, mimi sikubanduka. Nilikuwa naitaka ile beji: nanga ya njano iliyozungushiwa kamba, kwenye kitambaa cha buluu. Ili ushonewe ilibidi uende Karema, ziwani, ukafundishwe kuogelea, na mzazi awe amekubali.

Likizo nikaenda nyumbani Majimoto kumwomba baba. Baba ni Msukuma wa ng'ombe, nanga hajawahi kuiona. Akaitazama picha ya beji, akauliza hicho chuma ni cha nini. Nikajibu kama mwalimu wetu alivyotukaririsha: "Kinazama mpaka chini kabisa, baba."

Akanirudishia picha. "Basi huendi."

Nililia kwa hasira, sikufichi. Nilikuwa nimejiharibia kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini kukata tamaa sijui, na ukaidi huo nimeurithi kwake. Asubuhi nikamfuata malishoni. Alikuwa anagongea kigingi amfunge mtamba mmoja msumbufu, asije akaingia kwenye mpunga wa watu.

"Baba, hiyo ndiyo nanga," nikamwambia. "Mtumbwi nao una kigingi chake. Chenyewe kinazama ili mtumbwi usichukuliwe na maji."

"Na kamba?"

"Ndiyo hiyo hiyo ya mtamba."

Hakucheka. Aliendelea kugonga hata baada ya kigingi kushika. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia pale nyumbani. Walipokuwa wanahamia huku na mifugo, mto uliofurika ulimchukua mdogo wake wa kike. Binti alidaka tawi katikati ya maji, akawa anaita. Wanaume walijaa ukingoni, na baba akiwa mmoja wao.

"Kamba tulikuwa nazo nyingi," alisema. "Wa kuingia majini ndiye hakuwepo."

Akakaza fundo, akasimama, akanitazama.

"Nenda. Na ujifunze vizuri."