Chai ya Wageni wa Bibi

Bibi alipopooza upande wa kulia, familia ilikaa kikao na kuona kwamba mimi ndiye mwenye nafasi. Nilikuwa nimemaliza chuo na barua zangu za kuomba kazi hazikuwa zinajibiwa. Nikahamia kwake Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa na daftari: saa za dawa, saa za kumgeuza, alichokula, alichobakiza. Alichobakiza nilikila mimi, wali usio na chumvi, nikiwa nimesimama jikoni.

Wageni walikuja kila siku kumjulia hali. Nami niliwachukua kama wageni kweli: nikakimbilia jikoni, nikachemsha chai ya tangawizi, nikatoa vikombe vya kabatini. Aliyeuliza, "Nikusaidie nini?" nilimjibu, "Tuko sawa." Niliwaza, nikimpa kazi atasema nimeshindwa. Nisipompa chai atasema nyumba ya Bibi siku hizi haina hata chai. Walipoondoka nilikuwa nimechoka kuliko walivyonikuta.

Mchana mmoja nilikuwa namhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, mshiko wangu ukaachia. Akateleza. Goti lake likagusa sakafu, akaung'ang'ania ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima. Nilimwinua, nikamkalisha, nikamkagua goti. Halikuwa na kitu. Nikachukua daftari, nikakaa na kalamu nikijiuliza niandike nimemwangusha au ameteleza.

Ndipo hodi ikapigwa. Alikuwa mama wa Kichagga mwenye duka la vitenge hapo chini, ameleta machungwa.

"Shikamoo mama. Karibu, naleta chai."

"Marahaba. Sijafuata chai, mwanangu."

Nilikuwa nimeshageukia jikoni. Bibi, ambaye maneno yalikuwa bado yanamtoka kwa shida, akaniita, "Mke mwenzangu." Aliniita hivyo tangu utotoni, kwa utani wetu.

"Abee."

"Unanuka moshi. Kaoge. Halafu ukale, chakula chako, siyo changu."

"Na chai ya mgeni?"

"Atapika mwenyewe."

"Napika," mgeni akasema, akivua viatu. "Sisi wa Moshi hatushindwi na jiko."

"Usijaze maziwa. Nawajua."

Nilisimama nyuma ya mlango wa bafu nikisikiliza kama Bibi ameanguka. Nikasikia vijiko tu. Kwa majuma kadhaa nilikuwa najimwagia makopo matatu na kutoka mbio. Siku ile nilimaliza ndoo. Kisha nikashuka kwa mama ntilie wa uchochoroni, nikala wali maharage wenye chumvi, nimekaa kwenye benchi. Nilijiwekea dakika kumi. Zilipokwisha nikaomba aniongezee mchicha.

Niliporudi, Bibi alikuwa amefungwa kitenge kipya kichwani, na wote wawili walikuwa wakicheka jambo ambalo hawakuniambia.

Saa ya kumrudisha kitandani ilipofika, mgeni akauliza, "Nikusaidie nini?" Lile jibu langu la kila siku lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza.

"Shika upande ule, mama."

Tulimwinua pamoja. Mkono mzima wa Bibi ulikaa begani kwangu mpaka alipolala. Hakuutafuta ubao wa kitanda.