Nilipeleka sola ya mkopo ukweni kama ng'ombe wa mahari, deni likanifuata hadi Ngara

Wakuu, nawasalimu wote, mnaowaka na mliozimiwa.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi. Atakayesema hii ni chai, karibu Nyantakara, Biharamulo, uulizie fundi pikipiki wa ng'ombe wa sola. Hata watoto watakuonyesha.

Twende taratibu.

Mke wangu ni Mhangaza, kwao ni Ngara, upande wa Lukole. Mahari yake ilikuwa ng'ombe watatu. Nikapeleka wawili, wa tatu nikaomba muda. Baba mkwe, Mzee Gervas, akakubali.

Mzee huyu ni mtu wa kanisa, mpole, hakuwahi kunidai hata siku moja. Na hilo ndilo lilikuwa linaniumiza. Mtu akikudai unaweza walau kununa. Asipokudai, unanuna na nani?

Miaka ikapita, tukampata binti yetu Renatha, ng'ombe wa tatu bado yuko mdomoni.

Siku moja akaja wakala wa kampuni ya sola hapa senta. Paneli, betri, taa nne, redio na tochi. Unatoa kianzio, halafu unalipa mia tisa kila siku kwa simu mpaka mkataba uishe. Usipolipa, mtambo unajifunga wenyewe huko huko uliko. Ukizidisha siku za deni, wanakuja kuubeba.

Nikapiga hesabu. Bei yote ukiijumlisha ilikuwa inakaribia bei ya mtamba mzuri. Na ukweni kwangu walikuwa wanatumia tochi za betri, simu wanazituma senta ya Benaco kuchajiwa.

Nikaona hapa hapa. Nikatuma ujumbe kwa mzee: je, naweza kuleta sola ihesabiwe ng'ombe wa tatu?

Mzee akawaita ndugu zake wakajadili. Jibu likaja kwamba ng'ombe ni kitu kinachonufaisha nyumba, kama hiki kinanufaisha, kilete. Ila kije na kamba, kwa sababu ukoo wao haupokei ng'ombe bila kamba.

Basi wakuu, nikanunua kamba mpya ya katani. Mafundi wakafunga paneli juu ya bati, mimi nikamkabidhi mzee kamba kwa mikono miwili. Ikanywewa pombe ya ndizi, wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akatundika kamba kwenye msumari, pale pale chini ya betri.

Kitu kimoja sikusema. Sikusema ni ya mkopo.

Nilijiambia, si nitalipa? Wajue ya nini?

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Watu walikuwa wametoka kuvuna, pikipiki zinaletwa. Halafu ukafika ule wakati ambao hela yote ya mkulima inakwenda kwenye mbegu, na mtu yuko tayari kuendesha pikipiki kwa breki za miguu kuliko kuja kwa fundi. Nikaanza kuruka siku. Leo nalipa, kesho sijalipa.

Ikaja meseji ya kampuni: wateja wanaochelewa wamehamishiwa mpango mpya, malipo ya siku sasa ni elfu moja na mia mbili. Yaani umeshindwa mia tisa, wanakupa dawa ya elfu moja na mia mbili. Mwenye kuielewa hesabu hii anieleweshe.

Mtambo ukajifunga. Mzee akapiga simu. (Mzee r na l zake anazibadilisha anavyotaka, mimi nitaandika kawaida.)

"Mkwe, ng'ombe wako amegoma kutoa maziwa."

"Shikamoo baba. Ni mawingu tu hayo, paneli haipati jua."

"Marahaba. Mawingu gani, mkwe? Huku ni vumbi tupu."

Nikasema labda kuna mawingu ya juu sana yasiyoonekana. Wakuu, nilimwambia hivyo mtu aliyechunga ng'ombe chini ya mbingu hizo hizo maisha yake yote. Akasema sawa.

Nikakopa, nikalipa siku tano, taa zikawaka. Zikazimika tena. Tukaishi hivyo, mimi na mawingu yangu.

Kisha asubuhi moja naangalia simu, malipo ya siku yamepanda hadi elfu mbili na mia moja.

Nikapiga customer care hapo hapo. Dada akanijibu kwa upole kwamba mteja ameongezewa TV, imeshafikishwa nyumbani kwake na imepokelewa.

TV? Imepokelewa na nani?

Imepokelewa Lukole. Mzee Gervas ameweka dole.

Hapo nilikasirika kweli. Nikaingia ndani nikamwambia mke wangu baba yake ametuua, mtu mzima mwenye ng'ombe wawili zizini anataka na TV juu, mimi namlipia.

Mama Renatha alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Nani alimwambia baba kwamba ile sola ina deni?"

Nikajifanya natafuta chaja ya simu.

"Wewe ulimwambia?"

Akaendelea kuchambua, kisha akasema polepole, "Wakija kuubeba, ujue wamebeba mahari yangu. Kwetu ng'ombe wa mahari akirudi alikotoka, binti naye anarudi kwao. Mimi sitaki kurudi. Kwa hiyo amka."

Asiyejua mila ya kule aelewe hapo. Kwangu ilikuwa deni la sola. Kwa ukoo wa mke wangu, siku kampuni inapakia ile paneli, ndoa yangu ndiyo inapakiwa.

Siku mbili baadaye ikaja meseji ya mwisho: wiki mbili, la sivyo wanakuja kuuchukua mtambo.

Nikafunga banda, kesho yake alfajiri nikaenda Ngara. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitachukua ile TV, nitairudisha kwa kampuni, na mzee nitamwambia kwa adabu kwamba tamaa si nzuri.

Nikafika. Shikamoo baba, marahaba mkwe, nikakaribishwa ndani.

TV ilikuwa kwenye boksi lake. Haijafunguliwa. Imewekwa juu ya meza na kufunikwa kitenge kipya cha mama mkwe.

Kabla sijafungua mdomo, mzee akasema, "Mmechelewa. Nilidhani mtakuja mapema kuchukua ndama wenu."

Nikauliza, ndama gani?

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kwao, ng'ombe wa mahari akizaa, baba wa binti anarudisha ndama kwa binti yake, ili naye huko alikoolewa aanze zizi. Ng'ombe wawili wa kwanza walizaa madume, akayauza kwa ada ya shule ya shemeji zangu, na jambo hilo lilikuwa linamkaa rohoni. Wakala wa huko Ngara alipokuja akamwambia mtambo wako umekomaa, unastahili TV, hutoi hata shilingi mkononi, mzee akaelewa alivyoelewa. Ng'ombe amezaa.

"Majirani wananiomba nifungue waone mpira," akasema. "Nimewakatalia. Ndama wa binti yangu, babu mtu ataanzaje kumkamua?"

Wakuu, yale maneno yangu niliyoyapanga njia nzima yalipotelea pale pale. Huyu mtu niliyemwita mwenye tamaa hajaiwasha TV hata mara moja. Alikuwa ananitunzia mimi.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikapiga magoti. Nikasema yote: mkopo, mia tisa, mawingu, wiki mbili.

Nilipomaliza, mzee akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo nimekaa na ng'ombe wa watu?"

"Ndiyo, baba."

"Kumlisha ng'ombe wa watu si aibu. Baba yangu alilisha, na kila mtu alijua si wake. Aibu ni kuambiwa ni wako."

Akasimama, akaitoa ile kamba kwenye msumari, akanipa.

"Kaa nayo. Utaileta siku ng'ombe atakapokuwa wako. Mpaka siku hiyo unadaiwa mmoja."

Sikuweza kumtazama. Niliikunja ile kamba nikaitia kwenye begi, na kusema kweli machozi yalinitoka.

Nikadhani yameisha, sasa atanifukuza. Kumbe mzee anatafuta koti lake. "Twende Benaco," akasema. "Huyo aliyenizalishia ndama wa uongo nataka anione usoni."

Tukaenda kwenye ofisi ya kampuni, boksi la TV limefungwa nyuma ya bodaboda. Wakala hakuwepo, tukamkuta msimamizi. Akatuambia mfumo haumruhusu kupokea TV iliyokwisha kutolewa.

Nikamwomba afungue mkataba. Jina langu, namba yangu. Dole la mtu mwingine. Nikamuuliza ni kifungu gani kinasema baba mkwe wangu anaweza kunikopea kwa dole lake. Akasema atawasiliana na wakubwa, turudi wiki ijayo.

Mzee akauliza, "Turudi wapi? Tumeshafika."

Akaweka boksi mlangoni, akavuta kiti, akaketi kando yake. Kila mteja aliyeingia mzee alimsalimia vizuri, kisha akamweleza habari ya ndama tangu mwanzo. Hakutukana, hakupaza sauti. Alisimulia tu. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sola yake alisikiliza mpaka mwisho, akaahirisha.

Kufikia saa saba mchana msimamizi alikuwa ameshapiga simu tatu. Saa nane TV ikapokelewa, gharama zake zikafutwa, malipo yakarudi mia tisa, na deni la siku zilizopita likagawanywa nilipe zaidi baada ya mavuno. Nikasema sitoki bila karatasi. Nikapewa karatasi yenye mhuri.

Nje mzee akaniambia anaweza kuuza gunia la maharage anisaidie. Nikakataa.

"Baba, ukilipa wewe haitakuwa mahari tena, utakuwa umemtolea mahari binti yako mwenyewe."

Akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi nikapumua.

Nikarudi Nyantakara, kamba nikaitundika bandani juu ya meza ya spana. Nikaweka kopo chini yake, nikatangaza kwamba pancha zote ni za ng'ombe. Ukija na pancha, hela yako haigusi mfuko wangu, inaingia kwenye kopo na jioni inatumwa. Wateja walicheka, kisha wakazoea. Wengine wakawa wanauliza, ng'ombe amefikia wapi, amebakiza miguu?

Mikeka ya kubeti mpira nikaacha. Wadau wa jukwaa la michezo mnisamehe. Mke wangu akaongeza hela ya mayai bila kuombwa. Siku za gulio nilibeba spana nikafuata pikipiki huko huko ziliko. Kuna siku kopo lilikuwa na pancha moja tu, nikakopa kidogo kwa jirani fundi cherehani nikatimiza. Sikuruka siku hata moja tena. Kila nilipotaka kuruka, niliitazama kamba.

Ilichukua mwaka na miezi.

Siku ilipoingia meseji kwamba mtambo umefunguliwa moja kwa moja, sikumpigia mzee. Nikachukua kamba, nikamchukua mke na mtoto, tukaenda Lukole. Nikamkabidhi kwa mikono miwili kama mara ya kwanza. Hakukuwa na pombe wala vigelegele. Akaishika, akaikagua kwa vidole, akaitundika kwenye msumari wake.

"Sasa nimepokea," akasema.

Baada ya hapo ndipo akaanza kuchajia majirani simu kwa malipo. Kabla ya siku hiyo alikuwa anawachajia bure, anasema hawezi kuuza maziwa ya ng'ombe asiye wake.

Mwezi uliopita shemeji alishuka hapa senta na mbuzi jike. Hela ya simu za watu wa Lukole. Salamu za mzee zilikuwa fupi: "Ndama wenu huyu hapa. Ana ndevu kidogo, lakini mpokeeni."

Alikuwa amefungwa kwa ile kamba yangu ya katani.

Wakuu, nilichojifunza. Soma mkataba, weka karatasi zote, na ukiona malipo yamepanda uliza siku hiyo hiyo, usingoje. Ukizidiwa, nenda ofisini uombe mpango unaofuata mavuno yako, na usikubali kuondoka na maneno matupu. Lakini kubwa kuliko yote, usimkabidhi mtu ng'ombe ambaye kamba yake imeshikwa na mwingine, na kama umeshafanya hivyo, kamwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na giza. Deni lenyewe lilinisumbua, ila yale mawingu yangu ndiyo yalikuwa yananimaliza.

Waliowahi kufungiwa mtambo, karibuni mseme mlifanyaje, na mlimdanganya nani. Hapa hatuchekani sana.

Mke wangu amemaliza kusoma. Anasema kila kitu ni kweli, ila nimesahau kuandika kwamba mbuzi ana mimba, na mtoto wa kwanza akiwa jike anarudi Lukole. Mimi nimeshanunua kamba.