Imetua Salama

Fundi wetu wa vifaa vya kufuatilia ndege wa porini hana pupa. Kila kifaa, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, hukipiga msasa, hukipima kwenye mizani, kisha hukipiga msasa tena. Tukimwambia kimeshakuwa chepesi, hutugeukia: "Wewe ungekubali kusafiri na jiko mgongoni?" Halafu hukitumbukiza kwenye bakuli la maji, hukitoa, hukitikisa sikioni. Korongo akishafungwa kifaa na kuachiwa, yeye hubaki ameinua mikono, kana kwamba bado amembeba.

Tangu binti yake apande ndege kwenda kusoma ng'ambo, na simu zake zianze kuadimika, hula chakula cha mchana mbele ya kompyuta, akitazama vidoti vikisogea juu ya ramani. Jana kidoti kimoja kilimaliza kuvuka bahari. Alisukuma sahani kando, akasimama. "Imetua," akasema. "Imetua salama."

Nikacheka. "Ametua, mzee. Huyu ndege ana manyoya."

Hakucheka. Alifuta kioo cha kompyuta kwa kiganja, polepole, akaniuliza kama kule ng'ambo saa hizi watu wameshaamka.